Nati Ina Kiasi Chake

Juma hili nataka tuzungumze habari ya nati. Najua wapo watakaocheka na kusema, "Karani wa parokia na nati, wapi na wapi? Yeye aandike vitabu vya ubatizo, nati awaachie mafundi." Ni kweli, mimi si fundi wa motokaa. Lakini kazi yangu ni karatasi, na nati ya lori nayo ina karatasi yake. Karatasi hiyo isiposomwa vema, watu huumia.

Mama mmoja aliposikia nitaandika habari hii aliniuliza, "Karani, nati za lori zatuhusu nini sisi akina mama?" Nikamjibu: Mama, mahindi yako na mpunga wako hufika Dumila kwa miguu? Mtoto wako anayekwenda shule Kilosa, mgonjwa wako anayepelekwa Morogoro, huenda kwa mbawa? Sote twasafiri juu ya nati. Mwenye lori, dereva, utingo, na mtu aliyelipa nauli yake tu, wote wamekabidhi roho zao kwa vipande vya chuma ambavyo hawavioni.

Basi, tuanze na ekseli ya mbele. Ekseli ya nyuma ya lori hubeba mzigo na kusukuma gari. Ya mbele hubeba pia, lakini ina kazi kubwa zaidi: ndiyo inayosikiliza usukani. Pale pana kingipini, ambayo gurudumu hugeukia juu yake. Pana habu na beringi zake, ambazo gurudumu huzungukia. Pana tairodi inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto ili yageuke pamoja. Tena pana zile bolti ndefu zilizopinda, zinazoifunga ekseli na springi. Nati ya nyuma ikilegea, mara nyingi gari husimama. Nati ya tairodi ikitoka, dereva azungusha usukani na gurudumu halimsikii. Hapo hakuna ufundi wa dereva utakaomwokoa mtu.

Barabara mbaya huzilegeza nati, na jambo hili si geni katika mkoa wetu. Wazee wakumbuka malori ya Zambia. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikosa njia yake ya mafuta. Malori yakaanza kubeba mafuta kutoka Dar es Salaam, yakapita Morogoro, Mikumi, Iringa na Mbeya, yakarudi na shaba. Sehemu kubwa ya njia ilikuwa haina lami, na wakati wa mvua matope yalimeza magurudumu. Madereva waliiita njia ya jehanamu. Leo njia ile ina lami, lakini njia zetu za kwenda mashambani bado zatikisa gari kama ungo wa kupepetea. Kadhalika mafuriko twayajua. Yale ya Kilosa ya mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 yaliharibu hata reli, na yale ya Januari 2014 yaliwapata watu wa Magole na Dumila. Lori likipita katika maji mengi, maji huweza kuingia ndani ya habu, na grisi ikageuka rangi ya maziwa. Beringi iliyooshwa hivyo hailalamiki siku hiyo. Hulalamika baadaye, huku imebeba magunia.

Sasa nawasimulia jambo lililotukia hapa kwetu. Mzee mmoja ana lori la Isuzu la miaka ya 1980, lililokwisha kupita mikono ya watu wengi. Lilipoanza kuvuta upande mmoja, fundi alilifungua chini ya mwembe: akabadili kingipini na bushi zake, beringi za habu, na ncha za tairodi. Fundi huyo ni mtu hodari na mwaminifu. Kila nati aliikaza kwa bomba refu mpaka jasho likamtoka. Kijana wa yule mzee akamwuliza, "Fundi, umejuaje kwamba imetosha?" Fundi akasema, "Mkono wangu wajua." Siku ile ile, katika kufunga gurudumu la kushoto, stadi moja ikakatika kwa mlio kama wa bunduki ya kitoto.

Fundi alisema chuma ni kibovu. Mzee alisema fundi ni mbovu. Maneno yakawa makali. Kijana akatafuta karatasi, akapata kurasa mbili zilizonakiliwa kutoka kitabu cha karakana, kwa Kiingereza, akaniletea nimsomee. Nikaona kila nati imeandikiwa hesabu zake, na kila hesabu imeandikwa mara mbili kwa vipimo viwili tofauti. Mtu asiyejua angeweza kuchukua hesabu ya kipimo kimoja na kuikaza kwa kipimo cha pili. Tena ukurasa mmoja ulikuwa wa lori la namna nyingine kabisa. Jina la kampuni ni lile lile, lakini ekseli si ile. Lau tungeufuata tungejiona wasomi, na lori lingekwenda barabarani na hesabu za jirani.

Ndipo nikaona yafaa kuwaandikia. Kwa kusoma zile kurasa na kuwauliza mafundi waliofundishwa, haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, kwa nini nati ina kiasi? Bolti ikikazwa huvutika kidogo sana, kama mpira mgumu, na ule mvuto wake ndio unaovishika vitu viwili pamoja. Ikikazwa kidogo, vitu huchezacheza, nati hulegea, na mwisho bolti hukatika kwa kupindwapindwa. Ikikazwa kupita kiasi, huvutika isiweze kurudi tena. Machoni ni nzima, kumbe imekwisha kufa. Kwa hiyo yule anayesema "kaza mpaka mwisho" hajui kwamba mwisho wa bolti ni kukatika.

Pili, ujue ekseli uliyo nayo. Usitazame jina lililo usoni pa lori. Malori yetu makuukuu yamebadilishwa viungo mara nyingi: kabati la mwaka huu, injini ya mwaka ule, ekseli ya lori lililoanguka. Soma namba ya chasi iliyogongwa kwenye fremu, na kibao cha kiwanda kama bado kipo. Kisha nenda kwenye ekseli yenyewe, sugua matope kwa brashi ya waya, utafute namba zilizogongwa pale. Hesabu stadi za gurudumu, kama ni sita, nane au kumi, na upime unene wake. Yote uyaandike. Mtu akikupa hesabu za kukaza, mwulize ni za ekseli yenye stadi ngapi na unene gani. Zisipolingana na chuma kilicho mbele yako, karatasi hiyo si yako.

Tatu, tafuta kitabu chenyewe cha karakana. Kitabu kidogo cha dereva hakitoshi, maana mara nyingi hutaja nati za magurudumu tu. Waulize wenye maduka ya spea Morogoro au Dar es Salaam, uulize karakana kubwa zenye magari ya namna yako, uwaulize walimu wa vyuo vya VETA, kama kile cha Mikumi. Siku hizi mtu aliye mbali aweza kukupigia picha ukurasa na kukutumia kwa simu. Ni vizuri, lakini mwombe apige picha na jalada la kitabu pia, ili uone ni cha gari gani na mwaka gani. Katika kitabu, neno la kutafuta ni "torque". Tena usiridhike na shahidi mmoja ukiweza kupata wawili. Vitabu viwili vikipatana, endelea. Visipopatana, simama uulize.

Ili mwone jinsi hesabu zinavyotofautiana: nati za magurudumu za Land Rover ya namna ya Series III, iliyoundwa kati ya mwaka 1971 na 1985, hukazwa futi-ratili 75 hadi 85. Hiyo ni kama kilo-mita 10 na nusu hadi 11 na robo tatu. Nati za magurudumu za lori kubwa la Scania lenye stadi kumi hukazwa nyutoni-mita 600, yaani kama kilo-mita 61. Zote mbili ni nati za magurudumu, lakini moja yataka nguvu zaidi ya mara tano ya mwenzake. Mkono gani utajua hayo?

Nne, fahamu vipimo. Vitabu vya Kiingereza vya zamani hutumia futi-ratili, navyo huandika lb ft. Vitabu vya Kijapani vya zamani hutumia kilo-mita, navyo huandika kgm au kg-m. Vitabu vya siku hizi hutumia nyutoni-mita, navyo huandika Nm. Kilo-mita 1 ni sawa na nyutoni-mita 9.8, na ni sawa na futi-ratili 7 na robo kidogo. Futi-ratili 1 ni nyutoni-mita 1.36. Vipo pia vitabu vinavyoandika kg-cm. Hapo gawanya kwa mia upate kilo-mita. Sasa fikiri: kitabu chasema kilo-mita 20, nawe wakaza futi-ratili 20. Umekaza chini ya sehemu moja ya saba. Au kitabu chasema futi-ratili 75, nawe wajaribu kukaza kilo-mita 75. Bolti itakatika kabla hujafika.

Tano, upime. Chombo chake ni spana ya kipimo, ambayo mafundi wengine huiita toki. Bei yake si ndogo, lakini wenye malori watatu au wanne wa kijiji kimoja waweza kuchanga wakainunua pamoja. Asiye nayo asikate tamaa. Katika kijiji chetu hamkosi mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia magunia. Chukua spana imara yenye mpini wa bomba. Pima kutoka katikati ya nati mpaka mita moja kamili juu ya mpini, utie alama. Funga mizani hapo, uvute polepole, mizani na mpini vikifanya pembe mraba, kama pembe ya daftari. Mizani ikisoma kilo 20, umekaza kilo-mita 20. Kama mpini ni nusu mita tu, yakupasa uvute kilo 40. Kwa nati ya gurudumu, simamisha mpini wima, uvute kwa ubavu, ili uzito wa bomba lenyewe usiingie katika hesabu. Ni somo lile lile la wenzo ambalo watoto hufundishwa shuleni. Mpe kijana wa darasa la saba akusomee mizani. Ataona kwamba shule si kwa mtihani tu. Hesabu ya mizani haiwi safi kama ya spana yenyewe, lakini yapita mbali ile ya jasho.

Kabla ya kukaza, safisha nyuzi za bolti. Nguvu nyingi unayotia katika spana huishia katika msuguano. Ni sehemu ndogo tu inayovuta bolti. Ukitia mafuta, msuguano hupungua, na kwa hesabu ile ile bolti huvutika zaidi. Nyuzi zenye kutu hufanya kinyume chake: spana hufika kwenye hesabu, na bolti bado haijashika. Kwa hiyo fuata kitabu. Kikisema kavu, iwe kavu. Kikisema mafuta, tia mafuta.

Sita, si nati zote zinazokazwa kwa namna moja. Hapa ndipo wengi wanapokosea.

Nati ya tairodi ina meno kama taji, na pini hupita katikati yake. Ikiwa umefika kwenye hesabu na tundu la pini halionekani, usilegeze. Kaza mbele kidogo mpaka tundu litokee, kisha utie pini mpya. Waya wa uzio si pini.

Nati ya beringi za habu ni kinyume chake. Hii haikazwi ikaachwa. Hukazwa huku gurudumu likizungushwa, ili beringi zikae vema, kisha hulegezwa na kurekebishwa kama kitabu kinavyosema. Ikiachwa imekaza sana, beringi huwaka moto na kuungua njiani. Ikilegea sana, gurudumu hutikisika.

Nati za gurudumu hukazwa kwa kuvuka, moja ya juu, kisha ya chini, kisha ya upande, wala si kwa kuzunguka kama saa. Zikazwe tena baada ya kwenda kama kilomita 50 hadi 100. Tena kumbuka: katika malori mengi ya zamani ya Kijapani na ya Kiingereza, nati za upande wa kushoto zina nyuzi za kinyume. Hufunguka kwa kuzungushwa upande ambao wewe umezoea kufungia. Tazama ncha ya stadi kama ina herufi L. Ile stadi iliyokatika chini ya mwembe iliponwa kutu, tukaiona herufi yenyewe. Ilikuwa imepindwa upande usiofaa miaka mingi na mikono mingi kabla ya siku ile. Basi si fundi aliyekuwa mbovu, wala si chuma; ni habari iliyokosekana. Mzee na fundi walipeana mikono.

Zile bolti zilizopinda za springi nazo hukazwa kwa kuvuka, kidogo kidogo, pande zote sawasawa, na kukazwa tena baada ya lori kubeba mzigo siku chache. Zilizokwisha kuvutika zisirudishwe, nunua mpya.

Na kama umetafuta usipate hesabu? Kwa bolti ya kawaida, kichwa chake husema nguvu yake. Kikiwa na 8.8, ile yenye unene wa milimita 12 hukazwa kama kilo-mita 8, ya milimita 14 kama 13, ya milimita 16 kama 20. Yenye 10.9 ni ngumu zaidi. Hesabu hizi ni za bolti za kawaida tu. Usizitumie kwa habu, wala kwa kiungo chochote cha usukani. Kwa hivyo lori lingoje mpaka hesabu yenyewe ipatikane. Najua kungoja ni hasara: mahindi yako shambani, mvua haina simile, na mnunuzi ana haraka. Lakini hasara ya siku tatu huandikwa katika daftari la mapato, na hasara nyingine huandikwa katika kitabu cha marehemu. Mimi ndiye ninayeviandika vitabu hivyo, na naijua tofauti yake.

Kuna uchunguzi mmoja ambao hata mwenye lori asiye fundi aweza kuufanya. Inua gurudumu la mbele kwa jeki, ulizuie gari lisisogee, uweke na gogo imara chini ya ekseli. Shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukikoma, shaka ni beringi. Ukiendelea, shaka ni kingipini. Kisha shika kushoto na kulia, utikise, utazame ncha za tairodi. Kazi hiyo ni ya dakika kumi.

Mwisho, wazee wetu husema mali bila daftari hupotea bila habari. Lori ni mali. Nunua daftari la kurasa arobaini, uandike namba ya chasi, namba ya ekseli, unene wa stadi, hesabu ya kila nati pamoja na kipimo chake, na umeitoa katika kitabu gani. Kila fundi akaze mbele yake, aandike tarehe na jina lake. Nati iliyokwisha kupimwa itiwe alama ya rangi, mstari mmoja kutoka nati mpaka chuma kilicho chini yake. Asubuhi dereva akiona mstari umeachana, ajue nati imetembea usiku wa jana. Na siku ya kuliuza lori, daftari liende pamoja nalo, asije mwingine akaanza kutafuta upya chini ya mwembe.

Enyi mafundi, kufungua kitabu si aibu. Daktari hupima dawa kwa kijiko, na mama hupima chumvi, hakuna anayewacheka. Enyi wenye malori, msimharakishe fundi anayepima, wala msimpunje ujira wake kwa sababu amechelewa. Na ninyi abiria, mkimwona dereva ameshuka njiani na spana, anazikagua nati zake, msimpigie kelele. Mngojeni. Anawafanyia kazi ninyi.